Tita la Mwisho la Culver

Nyumba ya Langoni
Juni 6

Mdogo wangu Clement,

Salaam nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na goti lako. Natumaini hewa ya bahari imelituliza kidogo, na kwamba yule paka wa jirani bado anakuja kukulalia juu ya gazeti kabla hujalisoma, kama ulivyoniandikia wakati wa Pasaka. Nami sijambo, kwa kadiri mtu wa umri wangu anavyoweza kusema hivyo. Daktari alikuja Alhamisi. Aliusikiliza moyo wangu kwa muda mrefu kuliko desturi yake, kisha akaniuliza kama nina watu ningependa kuwaaga. Nikamwambia ninaye mmoja, naye ni mvivu wa kusoma barua ndefu. Basi jikaze, Clement, maana hii ni ndefu, na mkono unaoiandika unaomba kupumzika kila mara.

Barua yako niliipata. Unasema utamuuzia Gatley nusu yako ya msitu wa Culver, afugie humo ndege wake wa kuwindwa, kwa sababu mjukuu wako amekuangusha. Ulimpa Bryony majira matatu ya baridi aonyeshe kwamba anaweza kuutunza Culver kama ulivyotunzwa siku zote. Katika majira ya tatu boma likaachwa na pengo, kulungu wakaingia, wakala kitalu kizima. Umeandika kwamba asiyejua kufunga boma hastahili msitu. Maneno hayo ni ya baba, nimeyatambua. Lakini kabla hujapeana mkono na Gatley, nipe nafasi nikusimulie jinsi nilivyokwenda Culver mwaka huu, mara tatu.

Mara ya kwanza ilikuwa mwanzoni mwa Machi. Bryony alikuwa amemaliza kukata miti ya kitalu cha upande wa kijito hadi kwenye visiki, akakizungushia boma la matawi ili machipukizi ya mihazeli, miti yetu ya fito, yapate kukua bila kuguswa na meno ya kulungu. Desturi hujaisahau: tita la mwisho la matawi huwekwa na mkono uliokata miaka mingi kuliko mikono yote iliyopo, na likishawekwa, hakuna mwingine wa kuligusa. Baba aliliweka mpaka alipofariki. Baada yake nikaliweka mimi. Bryony akamwomba Doreen Pargeter anilete kwa gari, nami nikapakiwa nikiwa nimefungwa mablanketi kama mkate unaotoka tanuri.

Doreen unamfahamu, ulimi wake hauna breki. Njia nzima alimsifu Bryony. Nyua anazosuka kwa fito zinagombewa na wenye bustani mpaka Salisbury. Tena yule ndege mdogo wa kahawia, yule mwimbaji ambaye baba alikuwa akitunyamazisha mezani ili tumsikie, amerudi. Mwaka jana aliimba Mei nzima ndani ya kitalu cha Bryony, na watu walikuja na viti vya kukunja kumsikiliza. Kisha akasema, “Msitu ule haujapendeza hivi tangu enzi za baba yako, Honor.” Nikamuuliza ni nani aliyekuwamo kati ya enzi za baba na za Bryony, au miti ilikuwa ikijikata yenyewe. Akacheka mpaka gari likayumba. “Usininunie, mpenzi,” akasema. “Wewe uliushikilia tu usianguke.”

Kuushikilia tu! Nilitazama nje ya dirisha mpaka tukafika.

Wewe unajua nilichokiweka katika msitu ule. Nilitoka chuo kikuu na shahada yangu, kila mtu akidhani nitafundisha mjini, nikarudi nyumbani na kushika mundu. Nilikata kila majira ya baridi kwa zaidi ya miaka arobaini. Sikuolewa, kwa kuwa kila mwanamume aliyebisha hodi alitaka nihamie kwake, na kwake hakukuwa na Culver. Na katika miaka yote hiyo, Clement, ndege yule hakuniimbia hata mara moja. Baba alipozikwa, naye alinyamaza. Kila Mei nilisimama pale kwenye kijito na chupa yangu ya chai, nikasikia njiwa. Halafu anakuja binti mwenye kipini puani, ambaye miaka mitano iliyopita alikuwa akiuza kahawa Bristol, na ndege anarudi kwake katika msimu wa pili, kama aliyekuwa akimsubiri.

Tulipofika, nilikikagua kitalu kile kwa jinsi nyani anavyotafuta chawa. Visiki vilikuwa vimekatwa chini kabisa, kwa mteremko, mvua isituame juu yake. Mialoni ya kuachwa imeachwa mahali pake. Fito zimepangwa kwa unene, mafungu kwa mafungu. Sikuona kosa. Basi nikalitunga: nikaelekeza fimbo yangu kwenye kisiki kimoja, nikasema kile kingeweza kukatwa chini zaidi. Bryony akapiga magoti matopeni, akakitazama kwa makini, akasema, “Kweli, Bibi,” na akakipunguza. Angebishana nami ningempenda zaidi.

Ukawadia wakati wa tita. Walikuwapo yeye, Doreen na wakataji wawili wa kutoka kijiji cha pili. Doreen alitaka kunishika kiwiko, Bryony akamzuia. “Mwache,” akasema. “Mwenye msitu anafunga mlango wake.” Akanikabidhi tita kwa mikono miwili. Nikaliweka. Wakapiga makofi, tukanywa chai na keki ya tangawizi tukiwa tumekalia magogo, nikarudishwa nyumbani.

Mara ya pili ilikuwa katikati ya Mei. Habari alinipa Doreen, akiwa bado hajavua koti. Kulungu wameingia katika kitalu cha kijito na kukila chote, kila chipukizi, mpaka kwenye gome. Alisema kule baa Bryony hawezi kununua hata soda kwa amani. Mmoja amemuuliza kama aliwawekea kulungu na vitambaa vya kujifutia midomo. Mwingine ameomba aalikwe karamu ijayo, maana anasikia saladi ilikuwa safi sana. Naye, akasema Doreen, hajitetei. Anakubali kwamba hakuliziba boma vizuri, analipa kinywaji chake na kuondoka. Nilimwambia Doreen awashe gari.

Mahali penyewe unapajua, lakini hujawahi kupaona namna ile. Nje ya boma maua ya kengele za buluu yalikuwa yametanda mpaka macho yanauma. Ndani, visiki vitupu vimetafunwa, kama ufizi usio na meno. Bryony alikuwa akichonga vigingi. Aliponiona alinyanyuka haraka, akaja kusimama upande wangu wa kushoto. Nikasogea, naye akasogea. Nikamuuliza wameingilia wapi. Akaonyesha kwa mundu wake kule mbali, chini ya ule mwaloni uliopigwa radi, akasema ni pale, alikuwa na haraka siku ile, ni uzembe wake mwenyewe.

Lakini mimi nimesoma ardhi ya Culver kuliko nilivyosoma kitabu chochote, na macho ndiyo kitu pekee ambacho hakijanisaliti. Chini ya mwaloni hapakuwa na hata ukwato mmoja. Nyayo zote zilipita nyuma ya mgongo wake, mahali alipokuwa akinikinga nisipaone, na manyoya ya kulungu yalikuwa yamenasa kwenye vigingi, kando ya matawi mapya aliyozibia. Ni pale nilipoweka tita langu. Alidhani mikono ya bibi kizee imeshindwa kazi. Alidhani nikijua nitakufa kwa aibu. Basi akaubeba mzigo ule mwenyewe, mbele ya baa nzima na mbele yako, akijua wazi kwamba utamnyang'anya msitu.

Nilirudi nyumbani na sikula. Usidhani ni majuto, maana nimekusudia kukuandikia kweli tupu. Ulikuwa wivu. Amenishinda kwa miguu, kwa mapafu, kwa mundu, amenishinda kwa ndege, na sasa hata kwa wema amenishinda.

Sasa sikiliza, Clement. Mikono yangu haikushindwa.

Siku ile ya Machi nilikuwa na nguvu za kutosha. Tita hulishindilii tu likasimama. Huingiza vikonyo, upande mnene wa matawi, katikati ya vigingi, kisha husuka ncha kushoto na kulia mpaka zishikamane na jirani zake, halafu hukanyaga. Wewe mwenyewe ulifundishwa ukiwa na miaka sita. Mimi nililiegemeza. Nikalipigapiga kwa fimbo, kwa madaha, ili waone nimelishindilia, nikaziacha ncha zote huru. Ukilitazama ni boma. Kulungu akilisukuma kwa pua ni mlango wazi. Nilijua hakuna atakayelijaribu, kwa sababu desturi inakataza, na Bryony anaiheshimu desturi kuliko sisi tuliomfundisha. Nilichotaka ni aharibikiwe mara moja tu, ili mtu kijijini aseme, “Enzi za Honor hili halikutokea.” Wewe na hiyo nusu yako hamkunijia akilini hata kidogo. Na keki yake ya tangawizi nilikula vipande viwili.

Jumanne iliyopita nikaenda mara ya tatu, nimwambie mwenyewe. Doreen nilimwacha garini, ingawa alishusha kioo. Nilimweleza Bryony yote, nimekalia gogo, naye akiendelea kuchonga kigingi. Masikio yalimwiva, kama yalivyokuwa yakimwiva baba. Alichonga mpaka kigingi kikawa chembamba kama kalamu, kisha akakitupa. Akasema alilia wiki nzima, na hakuyalilia machipukizi. Aliililia mikono yangu, akidhani imekufa. “Bora ingekuwa mikono, Bibi,” akasema. Sijawahi kuchapwa namna ile, hata shuleni.

Akachukua kigingi kingine. Nikamwambia ana haki ya kunifukuza. Akasema kama si adabu angekuwa ameshanisukuma kijitoni, ila maji yenyewe hayafiki magotini, ningelowa tu na kumpa Doreen hadithi ya mwaka mzima. Kutoka garini tukasikia Doreen akikohoa.

Kisha Bryony akaenda bomani. Aling'oa kile kiraka chake, akafunga tita jipya, akaniletea. Hakulitoa kwa mikono miwili. “Funga,” akasema. “Safari hii nitakagua.”

Nililifunga nimepiga magoti, maana kusimama sikuweza. Lilinichukua muda mrefu, nikapumzika katikati na kuendelea. Niliingiza vikonyo, nikasuka kila ncha, nikamwomba akanyage badala yangu. Alikataa, akanishika kwapani nikakanyaga mwenyewe. Halafu akafanya jambo ambalo halijafanywa Culver tangu ujulikane: akalishika tita la mkubwa wake kwa mikono yote miwili, akaweka buti kwenye kigingi, akalivuta kwa nguvu zake zote. Akavuta tena. Halikutikisika. Akapangusa mikono kwenye suruali, akasema, “Haya, chai.”

Visiki havikufa. Vimechipua upya, vimefika kwenye kifundo cha mguu. Vikiliwa mara ya pili ndipo vitakufa, wewe unajua, lakini havitaliwa, nimelifunga mimi. Na tulipokuwa tukinywa chai, katikati ya mchana mweupe, yule ndege aliimba kutoka kwenye vichaka vya kitalu cha mwaka juzi. Bryony aliacha kikombe hewani. Nilimtazama akisikiliza, na nakiri, Clement, wivu ulikuwapo bado, umekaa nasi pale kwenye gogo kama mgeni wa tatu. Nadhani nitaondoka nao. Lakini nilimsikia ndege. Nimemsikia.

Basi sina la kukuomba kwa ajili yangu. Nusu yangu ya Culver nimekwisha kumpa Bryony. Gatley mwambie atafute pengine. Na kama unataka kumkasirikia aliyefungua boma, fanya haraka, maana daktari hakunificha.

Nisalimie bahari, na huyo paka, na yeyote anayekupikia siku hizi. Uvae soksi za sufu hata kama ni Juni. Mbegu za maharage ulizoniletea zimeota, Doreen atakuja kuchuma. Jibu la barua hii usiniletee mimi. Mpelekee Bryony.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Honor Tidmarsh