Timu Uliyotaka Kuiondoa Kwenye Ligi

Kaka yangu Barasa,

Mechi ya kwanza ya kujipima nguvu hukuishangilia. Derrick, mchezaji wako hodari, alikuwa ameupiga mpira ukavuka uzio wa uwanja ule wa vumbi Al Wakrah, hapa Qatar, vijana wakamrukia na kumbeba. Walikuwa askari wa milangoni kule West Bay na madereva wenzako, watu uliowafundisha wewe mwenyewe namna ya kushika gongo la besiboli. Okello, nahodha wako, alipiga kelele, "Ligi ya wafanyakazi mwaka huu ni yetu!" Hata mimi niliamini. Wewe ulikunywa maji ukaenda kukusanya glavu.

Mechi ya pili Derrick ndiye aliyerusha mpira. Mpigaji wa wale wengine alimcheka kidogo tu, na mpira uliofuata ukamwingia mbavuni. Nilisikia mlio wake kutoka nilipokaa. Yule mtu alipiga magoti akatapika, na vijana wako wakashangilia: "Mwongeze mwingine!" Ulimnyang'anya Derrick mpira. Akatema mate karibu na viatu vyako.

Garini nilikuuliza, "Si tumeshinda tena? Unataka nini zaidi?"

"Nafula, mechi hizi hazinionyeshi nani atashinda ligi. Zinanionyesha ninaishi na watu gani," ulisema. "Hawa wameanza kupenda kuumiza. Wakirudia, naiondoa timu. Khalas, basi."

Ijumaa iliyofuata walikuja kucheza nasi mafundi wa ujenzi kutoka Lusail. Ulimweka Derrick benchi, tukaanza kushindwa. Okello akakusihi, "Kocha, mpe nafasi, atatulia." Ukakubali, kwa sababu ulikuwa mtu wa kuwapa watu nafasi.

Hakutulia. Alirusha mpira ukamvunja taya kijana mmoja Mfilipino, mwembamba, ambaye hata hakuwahi kuinua mkono kujikinga. Wenzake walikuja mbio na magongo. Wetu nao wakashika yao. Nimekuwa muuguzi wa dharura kwa miaka, nimepokea watu waliogongwa na malori, lakini sijawahi kuona watu wakivunjana hivyo huku wakitukanana kwa lugha ambazo hawaelewani. Mtu alitambaa akitafuta meno yake mchangani. Derrick alikuwa amemkalia mmoja kifuani, anamponda uso kwa kofia ngumu ya mchezo.

Wewe ulimkumbatia kwa nyuma umtoe. Akaokota gongo, akageuka.

Watu wanasema hakujua ni wewe. Mimi nilikuwa karibu, Barasa. Pigo la kwanza, labda. Kabla ya la pili alikutazama usoni.

Nilikushika kichwa na mfupa ukasogea chini ya kiganja changu. Damu yako ilinijaa mikononi mpaka kwenye viwiko. Ukaniuliza, "Yule wa taya, anapumua?" Nikakwambia anapumua. Ukafumba macho. Tulikufikisha hospitali ukiwa hai, lakini hukuyafumbua tena.

Nilimwona Derrick kituo cha polisi, amefungwa pingu, anasema, "Sister, nisamehe, ilikuwa hasira tu." Nilimrukia. Nilimparura uso mpaka askari wa kike akanikamata kiunoni na kunitoa nje. Kucha zangu zilikuwa na ngozi yake. Sijui kama nitawahi kujuta. Kwa sasa sijuti.

Ligi ilipokaribia, Okello na wenzake walikuja kwangu na jezi mpya. Mgongoni waliandika jina lako. "Tunataka tumchezee kocha," Okello alisema. "Timu iko sawa, sister. Mechi za majaribio umeona mwenyewe."

"Nimeona," nilimwambia. "Nilikuona umesimama, Okello. Kati ya pigo la kwanza na la pili ulikuwa hatua chache tu. Mlikuwa wengi. Nani alimshika mkono?"

Mmoja alianza kulia. Niliwaambia jina lako wasilivae, nikafunga mlango.

Siku ya ufunguzi hawakucheza. Nasikia Okello alikwenda uwanjani akawaambia waandaaji kwamba timu imejitoa. Kisha wote wakaenda Lusail kumwona yule kijana, ambaye bado anakula kwa mrija. Hakutaka kuwaona. Walikaa nje ya kambi yake kwenye jua mpaka alipotoka, akawatazama, akarudi ndani. Hivyo tu.

Tulikuzika Bungoma nyuma ya nyumba, kando ya kaburi la babu. Nimerudi kazini Doha. Mgonjwa akija na kichwa kilichopasuka, nampa mwenzangu, nakwenda kuosha mikono hata kama ni safi. Ninakukasirikia pia, kaka. Kwa nini ulimkumbatia? Kwa nini hukumwita mtu akusaidie? Halafu naona aibu kukukasirikia, nalia, narudi wodini.

Jana Mama alipiga simu. Mchezo wako hauelewi hadi leo. Anadhani ni kama kuwinda. Akaniuliza, "Ile timu ya Barasa, ilishinda?"

"Haikucheza, Mama."

Nilisikia kuku wakilia uani kwetu.

"Afadhali," akasema.

Pumzika, kaka.

Mdogo wako wa kike,
Nafula