Sheria ya Mara Tatu

Mpendwa Baba,

Nakuandikia nikiwa nimekalia kiti chako, na nimeshainuka mara nne kabla ya kufika hapa. Mara ya kwanza nilikwenda kuangalia kama maji yamerudi kwenye mfereji. Hayajarudi. Mara ya pili nilikwenda kuangalia tena. Mama ananitazama kama anavyomtazama kuku anayetafuta pa kutagia. Ni Jumapili mchana, ametoka kanisani, anachambua kunde kwenye ungo. TV imezimwa.

Kesho asubuhi lazima nitume jibu Nairobi, na jibu hilo ndilo linaloninyima utulivu. Nikueleze kwanza, maana hukuwahi kuielewa vizuri kazi yangu, na mimi sikuwahi kukueleza vizuri. Wazee wenzako uliwaambia natengeneza TV. Sitengenezi TV, Baba. Unaikumbuka ile programu ya kutazama filamu niliyokuwekea mwaka uliostaafu kutoka shamba la mkonge? Mimi ndiye ninayepanga kile mtu anachokiona akiifungua: picha zipi zikae juu, zipi chini, kidole kibonyeze wapi. Kwa miezi sasa tunaupanga ukurasa huo upya kwa sababu watu wanachoka. Mtu anarudi nyumbani, anawasha TV apumzike, anakutana na mistari na mistari ya picha, anaizunguka mpaka chakula kinapoa, halafu anazima bila kutazama chochote.

Miongoni mwa waliochoka ni mke wako. Tangu tukuzike hapa Mbololo, mama hatazami. Nilipokuja mwezi wa nane nilimwona akiwasha, akaishika rimoti kwa mikono miwili, akasogeza picha moja, mbili, tatu, kisha akaiweka rimoti mezani taratibu kama yai.

"Ziko mingi sana," aliniambia. "Nikiangalia hizi vitu kichwa inaniuma."

Nilimuuliza huwa anafanya nini jioni. Akasema anakaa. Nikamuuliza anakaa akifanya nini, akasema, "Si nimekwambia nakaa."

Nilirudi kazini na jambo moja tu kichwani: mama yangu aweze kuwasha TV na jioni yake ipite kama jioni za watu wengine. Wenzangu walikuwa wakizungumzia wateja. Mimi nilikuwa namzungumzia yeye, ila sikuwaambia. Na katika kutafuta dawa yake ndipo nilipowakumbuka nyinyi wawili.

Kila jioni wewe ulishika rimoti, yeye akashika ungo, au sufuria ya viazi, au shati lako lililokatika kifungo. Ulisoma jina la filamu kwa sauti kama karani anayeita vibarua asubuhi, kisha ukaitungia hadithi kwa kuitazama picha tu.

"Huyu mwenye koti amekimbia bibi yake. Huyu wa nyuma ni shemeji, ametumwa amrudishe."

Mama, bila kuinua kichwa: "Pita."

"Mama Nekesa, hii ni nzuri, we hujaiona."

"Hata wewe hujaiona. Pita. Mambo ya mtu na bibi yake inatuhusu nini?"

Ukapita. Huyo ana kelele, pita. Hao wanapigana tangu waanze, pita. Siku nyingine alikataa mpaka mstari ukaisha, ukateremka mstari wa pili ukilalamika, na mimi nikicheka kwenye mkeka. Halafu ghafla, bila sababu niliyoweza kuiona, akasema, "Haya." Na hiyo ndiyo mliyotazama, mara nyingi mbaya kuliko zote alizozikataa. Ulinikonyeza siku moja ukaniambia, "Mama yako hajui kuchagua. Anajua kukataa. Mimi nilijua hiyo mapema, ndiyo maana tumekaa vizuri."

Basi nikaiba ndoa yenu nikaipeleka ofisini. Nikasema tuondoe mistari yote. TV ikiwashwa, ioneshe filamu moja tu, picha kubwa, maneno mawili matatu, na chini yake vitufe viwili: Tazama na Pita. Ukipita, inakuja nyingine. Mtu asihitaji kujua anachotaka. Ajue tu asichotaka. Kila mtu aliipenda. Nilitembea kwa maringo wiki nzima, Baba, sikufichi.

Sasa sikia nilipoharibu. Mmoja wa wenzangu aliuliza, na mtu akipita tu bila kukoma, si atachoka vilevile? Swali zuri. Nikaenda nyumbani nikalifikiria, nikarudi na jibu, nikaliandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Anayekataa mara tatu amechoka. Tumwamulie." Maana yake, ukipita mara ya tatu, filamu ya nne inaanza yenyewe. Bosi wangu, Wanjiru, aliipenda sentensi hiyo akaibandika ukutani. Tukaiita sheria ya mara tatu.

Ijumaa nilikuja na programu hiyo mpya, ya majaribio, nikaiweka kwenye TV yenu. Jana jioni, kabla ya chakula, nikampa mama rimoti. Picha ya kwanza ikatokea. Akaitazama, akabonyeza. Ya pili ilipotokea alisema, "Pita," kwa sauti, akiiambia TV na si mimi, na uso wake ukawa ule wa zamani. Ya tatu ilikuwa ya watu wenye bunduki. "Pita, pita, pita," akasema, karibu acheke.

Ikaanza ya nne. Muziki ulijaa nyumba yote, harusi fulani, watu wanalia na kukumbatiana. Mama aliikodolea macho. Kisha akainuka, akazunguka nyuma ya TV, akachomoa plagi ukutani.

"Nimesema sitaki. Mbona inaniwashia?"

"Inajaribu kukusaidia, Mama. Imeona umekataa mara tatu."

"Na nikikataa mara tatu ndiyo imejua nini?"

Hakuwa amepandisha sauti. Alikwenda jikoni, nikamsikia akisonga ugali. Mimi nilibaki na ile rimoti, na hapo ndipo nilipokusikia wewe.

Hili ndilo nililokuwa nikilizunguka tangu asubuhi. Ulisema hapana mara tatu, Baba. Ulipougua, daktari wa hapa alisema unaweza kutibiwa hapa au kupelekwa Nairobi, na mimi nikasikia Nairobi peke yake. Ulikuwa kitandani ukasema, "Mimi Nairobi siendi. Niacheni kwangu." Nikasema ni homa inayozungumza. Tulipokutoa, ulishika nguzo ya lango, ukasema tena, na mimi ndiye niliyekubandua vidole, kimoja kimoja, nikikuchekea kama mtoto. Mara ya tatu ilikuwa njiani, Mtito Andei. Nilikuwa nimesimamisha gari nikununulie chai. Mama alikuwa amelala kiti cha nyuma. Uliniangalia vizuri kabisa, huna homa, huna lolote, ukasema, "Nekesa, geuza gari." Nikakupa chai. Nikakuambia tumeshafika mbali.

Ulitoka Magharibi ukiwa kijana, ukaja kukata mkonge mahali usipojua mtu, ukanunua kipande hiki cha ardhi ambacho ndugu zako walikicheka, ukasema hapa ndipo kwako. Ulikufa katika wodi ambayo dirisha lake linaangalia ukuta. Tulikurudisha kwa barabara ileile, na safari hiyo hukusema kitu.

Sijui kama ungepona hapa. Labda ungekufa mapema zaidi. Hilo si neno. Neno ni kwamba mtu mzima, mwenye akili zake, aliniambia asichotaka, na mimi nikahesabu mara alizokataa nikaziita uchovu. Kisha nikalifanya jambo hilo sheria ya kazi, likabandikwa ukutani, na sikuona. Wanasema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na mimi siombi pole.

Leo asubuhi, wakati mama yuko kanisani, nilimwandikia Wanjiru kwamba naiondoa sheria ile. Akajibu haraka: "Nekesa, hiyo ni yako mwenyewe. Wakubwa wameshaiona na wanaitaka. Niandikie sababu kufikia kesho asubuhi, la sivyo inaenda hivyo ilivyo na mtu mwingine ataimalizia." Si mtu mbaya, Wanjiru. Anataka sababu, na mimi naiogopa sababu yangu. Nimeianza mara nyingi nikaifuta. Ndiyo maana nainuka na kukaa, nainuka na kukaa.

Niliacha kuandika hapo, kwa sababu mama aliweka ungo chini.

"Unaandikia nani hivyo?"

"Baba."

Hakucheka. "Unamwambia nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia lile la Mtito, ambalo sikuwahi kumwambia mtu yeyote, kwamba ulinitaka nigeuze gari nikakunyima, na kwamba yeye hakujua kwa sababu alikuwa amelala.

Mama alichukua kunde chache akaziangalia, akazirudisha.

"Sikuwa nimelala," akasema.

Nilifikiri sikumsikia vizuri.

"Nilimsikia. Nikafunga macho. Nikasema huyu msichana amesoma, anajua. Na baba yako alikuwa ananiangalia kwa hiyo kioo ya gari, anangoja niseme kitu." Alipangusa mikono kwenye leso, ingawa haikuwa na uchafu. "Mimi nimekataa kila kitu kwa hii nyumba. Nimekataa sinema, nimekataa mboga, nimekataa mpaka rangi ya mlango. Hiyo siku moja ndiyo alihitaji nikatae, nikanyamaza."

Tulikaa. Baadaye alihamia stuli iliyo karibu nami akaegemeza goti lake kwenye goti langu, na ndivyo tulivyo mpaka sasa ninapomalizia.

Nimeshamwandikia Wanjiru. Nimemwambia mtu akikataa ya tatu aoneshwe ya nne, akikataa ya nne aoneshwe ya tano, na akizikataa zote TV inyamaze imwache na jioni yake. Nikaandika na sababu, yote, na jina la Mtito ndani yake. Nikatuma kabla sijaisoma mara ya pili. Kesho wanaweza kuniambia hilo si jambo la kazi, wampe mwingine aimalizie. Wampe. Sentensi ile itatoka ukutani hata kama nitalazimika kwenda kuibandua mimi.

Mama anasema nikusalimu, na anasema wewe ndiye uliyekuwa sahihi kuhusu rangi ya mlango.

Nakuomba msamaha, Baba. Sikuombi uharakishe, na sitakuhesabia. Na kama jibu lako ni hapana, safari hii nimelisikia.

Ni mimi, kifungua mimba wako,
Nekesa