Lindsay Trezise na Simu ya Jikoni

Lindsay mpenzi,

Jumanne hii unatimia mwaka tangu ulipoweka kikombe chako cha chai juu ya ile kompyuta kuukuu, ukasema unakwenda kujinyoosha kidogo, na hukuamka tena. Kikombe nilikiosha mwenyewe. Duara la chai bado liko juu ya kompyuta na nimewakataza watoto wasilifute.

Watu wa Kadina wanakukumbuka kwa televisheni zao. Ulizitengeneza zote kuanzia hapa hadi Wallaroo, na kila mwenye nayo ulimpa somo la jinsi inavyofanya kazi, atake asitake. Ulikuwa mtu mpole sana, na mbishi sana, na hukuwahi kumaliza kupaka rangi uzio wa nyuma.

Sisi wa nyumbani tunakukumbuka kwa Mgodi. Ndivyo ulivyouita ule ubao wako wa matangazo wa kompyuta, miaka ambayo intaneti ilikuwa haijafika huku. Mtu alipiga simu kwa kompyuta yake, yako ikapokea, zikalia kwanza kama paka wawili wanaogombana, kisha akasoma barua za wenzake, akaacha na yake, na kama upo mliongea kwa kuandikiana. Aliingia mtu mmoja tu kwa wakati mmoja, dakika arobaini na tano kwa siku. Zikiisha, mashine inamkatia ili mwingine apate nafasi. Asiyepiga kwa siku tisini, jina lake unalifuta.

Laini yenyewe ilikuwa hii hii ya nyumbani. Kwa hiyo tulikuwa na sheria moja: kabla ya kunyanyua simu ya jikoni, uliza.

"Lindsay, kuna mtu?"

"Yupo."

Nami narudisha mkono wangu. Ukinyanyua bila kuuliza, aliye upande wa pili anamwagiwa herufi za ovyo kwenye kioo na simu inakatika. Mchana mzima laini ilikuwa yangu, jioni ilikuwa ya Mgodi, ila Jumapili mlianza mapema, saa sita mchana.

Wenye mbao wengine walidai jina kamili na namba ya simu. Wewe ulikataa. "Mtu akitaka nimjue, ataniambia," ulisema. Nilikuambia iko siku utajuta, ukanijibu kwamba nimeanza tena.

Ndiyo maana hatukumjua Kasuku Mweupe ni nani. Tulijua tu ni mwanamke, yuko karibu na hapa, na ana mdomo. Ulikuwa na miaka arobaini na mitano naye anakuita Mzee wa Nyaya. "Mzee wa Nyaya, umeamka au nikupigie kengele?" Ulikuwa unanisomea kwa sauti huku unacheka peke yako.

Kisha ikaja ile Jumapili ya Februari, mwaka 1991. Nilikuwa nakanda unga wa pasti zetu za nyama na viazi, na nilitaka kumsema dada yangu Beryl, anayetia karoti kwenye pasti, jambo ambalo mama yetu angelifukuzia mtu nyumbani. Nikasahau ni Jumapili. Nikanyanyua simu.

Ulikuja jikoni, uso umekupauka. Kasuku Mweupe alikuwa ndiyo kwanza amekuandikia, "Lindsay, kuna jambo nataka kukuambia, sijamwambia mtu." Hakukuita Mzee wa Nyaya. Ulirudi ukakaa mbele ya kioo hadi chakula kikapoa. Hakupiga siku ile, wala kesho yake, wala tena.

Hukunilaumu hata kidogo, Lindsay, na hilo ndilo lililoniuma. Ungenifokea ningekufokea, yangeisha. Badala yake miaka thelathini na mitatu tulikaa na mtu wa tatu mezani. Nikisoma gazetini kwamba mwanamke fulani kapatikana amekufa mahali fulani, nalikunja upesi usilione, kumbe umeshaliona. Mbao zote za huku zilifungwa, wapigaji wako wakahamia kwenye intaneti, kila mtu akawa na simu mfukoni, nawe ukakataa kuiachia namba ya nyumbani. Damian alisema, "Baba, hakuna anayepiga hiyo simu isipokuwa matapeli." Ukamwambia, "Acha iwepo." Mimi nilijua kwa nini.

Ulipofariki, Damian aliandika kwenye tangazo la msiba kwamba ulikuwa mwenye Mgodi, akaweka namba ya nyumbani. Mwezi Machi simu ya jikoni ikalia.

"Samahani dada, hapo ndipo palipokuwa na Mgodi?"

"Ndipo. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Noreen. Zamani nilikuwa Kasuku Mweupe."

Nilikaa chini sakafuni. Mwanetu Kerryn alidhani nimeanguka, akaja mbio. Sikumsalimia hata yule mama. Nilimwambia, "Mimi ndiye niliyekukatia simu. Kwa ajili ya karoti."

Akaanza kucheka, kisha akalia, nami nikalia.

"Kumbe ni wewe? Miaka yote nimedhani dakika zangu zilikwisha."

Akanieleza. Siku ile mume wake alikuwa amekwenda kuvua samaki, na begi lake Noreen lilikuwa mlangoni. Alitaka kukuuliza wewe kama aondoke.

"Unamjua mumeo, dada. Angesema, 'Tulia kwanza, tulifikirie.' Tungelifikiria mpaka basi la Adelaide likaniacha. Simu ilipokatika nikatazama saa, zimebaki dakika kumi. Nikabeba begi nikakimbia."

"Na nisingenyanyua?"

"Ningebaki. Na yule hakuwa mtu wa kubaki naye."

Kompyuta ilikuwa ya mume wake, akaiacha huko huko, akaogopa hata kupiga simu ya kawaida asije akafuatwa. Baadaye ikawa aibu, na aibu ikila miaka, kupiga ni kazi. Sasa anaishi Ballarat, anashona mapazia, ana wajukuu wawili na mdomo ule ule.

Ni wewe tu ambaye hukuyasikia haya, na kwa hilo nimekasirika na sijui nimkasirikie nani.

Alikuja Pasaka. Kerryn aliiwasha kompyuta, ikaguna, ikawaka. Noreen akakaa kwenye kiti chako, akaandika lile jina la zamani. Likakubali. Ulifuta kila aliyepotea siku tisini, Lindsay, na yeye ulimwacha miaka thelathini na mitatu. Kisha akakuachia barua ya mstari mmoja:

"Mzee wa Nyaya, nilifika salama."

Unakumbukwa na mimi mkeo Glenys, watoto wako Kerryn na Damian, mjukuu wako Tamsin aliyeumalizia uzio, shemeji yako Beryl ambaye sasa anajiona shujaa na karoti zake, na Noreen wa Ballarat.

Hutatutoka moyoni, mpenzi. Na leo asubuhi nimenyanyua simu ya jikoni bila kuuliza.