Mikia Miwili ya Nyongeza

Jumatatu, 3 Juni
Chai, muhogo wa kuchemsha, kompyuta. Majibu ya panya wangu wa kijiji cha Ziwani yamefika kutoka maabara, Dar es Salaam. Vichupa arobaini na viwili vya ncha za mikia, napitia majibu ya kimoja kimoja. Nayapenda yale maeneo ya vinasaba ambako herufi zilezile zinajirudia na kujirudia, kama mtu mwenye kigugumizi. Panya huyu anarudia mara kumi na mbili, nduguye mara kumi na tano. Kila mnyama na kigugumizi chake. Raha tupu.

Jumanne, 4 Juni
Balaa. Namba 7 na namba 41 zinafanana kila sehemu. Namba 19 na 42 vilevile. Panya wawili hawawezi kufanana hivyo, hata wa tumbo moja. Msimamizi wangu kapiga simu: nimechanganya sampuli kwa uzembe. Nisipompa maelezo hadi Ijumaa, nianze utafiti upya, kuhitimu mwaka huu nisahau. Nina hasira. Sikuchanganya kitu. Nadhani.

Jumatano, 5 Juni
Nimepitia daftari lote. Hakuna kosa. Kesho naenda Ziwani kuuliza.

Alhamisi, 6 Juni
Ziwani kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye meno. Bi Somoe ndiye mtegaji wangu. Panya anawabanika na kuwauzia wateja wake; ncha za mikia ananiwekea kwenye vichupa vya spiriti. Nikamuuliza ilikuwaje niagize mikia arobaini, nipewe arobaini na miwili. Akanishangaa.

"Ile miwili nyongeza, mwanangu. Panya walikuwa wameisha, nikakata tena kwenye mikia mirefu. Ungeondoka bila nyongeza ungenionaje?"

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Naye akacheka, bila kujua tunacheka nini. Akanipa panya wa kubanika. Mimi wa Mbeya, kwetu panya haliwi, nimekula. Mtamu, sisemi uongo.

Ijumaa, 7 Juni
Msimamizi alisikiliza, kisha akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka. Anasema hilo ndilo jaribio nililopaswa kulifanya mwenyewe: maabara imepima mnyama mmoja mara mbili bila kujua, ikapata jibu lilelile. Kazi inaaminika. Nahitimu mwaka huu. Nimezunguka chumba kizima nikiimba pambio.

Jumapili, 9 Juni
Nimetoka kanisani, nikaandika ukurasa wa shukrani. Bi Somoe wa kwanza, msimamizi wa pili. Atanuna. Nimeuacha hivyo.