Usukani Ulionyooka kwa Macho

Suame, Kumasi
Jumatano

Kwako mjukuu wangu Ampem,

Miaka sita. Mbuzi wangu aliyepotea mwaka ule wa mafuriko alirudi siku ya nne, na yule hakuwa na akili hata kidogo. Wewe una akili, una miguu miwili, na mabasi ya Takoradi yanaingia hapa kila siku. Ungekuwa karibu ningekuvuta sikio kwanza, ndipo nikusalimie.

Haya, sasa nakusalimu. U mzima, mume wangu? Mama mtoto mzima? Kile kifua kilichokuwa kikikubana msimu wa vumbi kimekuacha? Unakula chakula cha kueleweka, au siku hizi ni chai na mkate kama watu wa ofisini? Sisi hatujambo. Magoti yananisumbua, na meno yamebaki ya kuhesabu, lakini fufu haina haja ya meno. Anayeandika ni dada yako Adoma, maana mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na viazi vikuu kichwani. Nimemwapisha aandike kila nitakalosema, hata lile litakalomkera.

Mama mmoja muuza samaki wa huko kwenu ameniambia mmepata binti, na siku ya nane ukampa jina langu, Dufie. Nilikaa chini palepale sokoni. Wenzangu walidhani furaha imenizidi, wakanimwagia poda shingoni na kunipigia vigelegele. Furaha ilikuwapo, sikatai. Lakini nilikumbuka anachofanyiwa mtoto siku hiyo: anadondoshewa maji ulimini, kisha kileo, ili akikua aseme maji ni maji na kileo ni kileo. Hata mimi nilidondoshewa.

Kwa hiyo turudi kwenye lile lori langu, ingawa najua hupendi kulisikia.

Unakumbuka ulivyobadilisha vyuma vya stelingi. Vya zamani vilikuwa vimelegea, na dereva wangu Boadi akawa anasema kuliendesha lori lile ni sawa na kubishana na mkwe. Ulilala chini yake siku mbili, ukatoka mweusi kama sufuria. Vyuma vipya vikakaa, tairi zikatazama mbele, ila usukani ukabaki umelala kushoto kama mtu anayetega sikio mlangoni. Ukanieleza kwa subira kwamba kasoro haiko kwenye usukani. Iko chini, kwenye kile chuma kirefu kinachotoka kwenye boksi ya stelingi kwenda kwenye tairi. Kipya kilizidi urefu, lazima kilegezwe, kizungushwe polepole mpaka boksi ikae katikati, isije ikaishiwa mzunguko mapema ukikata kushoto, na usukani utanyooka wenyewe. Spana ya kazi hiyo ilikuwa kwa rafiki yako kule Tafo, ukasema utaifuata na kazi utaimaliza kesho yake. Ulipokuwa unaondoka ukaniambia, "Nana, lori lisitoke mpaka nirudi."

Asubuhi lori likatoka. Boadi alikwenda Ejura kuchukua viazi vikuu. Kupanda mlima wa Mampong alipanda salama. Kurudi na mzigo, kwenye ile kona kali ya kushoto, akakata usukani, ukafika mwisho kabla kona haijaisha. Lori likavaa ukingo na kulala ubavu. Goti la Boadi likapondeka, na mpaka leo halikunjiki.

Wazee wa mafundi wakaita kikao bandani kwao. Boadi aliletwa amebebwa kwenye kiti, akasema mikono yako ni ya mchinjaji, si ya fundi. Wewe ukasema kazi hukuimaliza, usukani uliuacha umelala, na lori ulikataza lisitoke. Wakashangaa, maana usukani walioukuta ulikuwa umenyooka. Ndipo mzee mkuu akanigeukia. "Mama, baada ya Ampem, nani mwingine aliugusa?"

Unajua mimi ndiye mama mkuu wa soko la viazi vikuu. Neno langu likitoka, hakuna wa kulipima. Nikasema, "Hakuna."

Wakakunyang'anya nafasi yako bandani. Jua halijafika utosini, ulikuwa umefunga vyombo vyako.

Adoma, andika. Usinitazame, andika.

Aliyeugusa ni Tawia, yule fundi wa banda la pili, na niliyemwita ni mimi. Vilikuwa viazi vya kwanza vya msimu, na mimi nilitaka viingie Kumasi kwa lori langu, si la mwanamke mwingine. Sikutaka kungoja spana ya Tafo. Tawia alicheka, akasema, "Mama, kofia ikikaa upande humkati mtu shingo. Unageuza kofia." Akafungua ile nati ya katikati, akauchomoa usukani, akaurudisha kwenye meno ya chuma chake ukiwa umenyooka. Chini hakugusa kitu. Boadi aliponiuliza kama umemaliza kazi, nilimwambia umemaliza. Siku ya kikao Tawia alisimama nyuma ya watu akitazama viatu vyake, na mwezi uleule akahamia Abidjan.

Na wewe ulijua. Kabla ya kikao ulipanda kwenye lile lori lililopondeka, ukaitazama nati, ina mikwaruzo mipya ya spana. Ukashuka, ukanitazama mimi. Ungeweza kusema. Ulikuwa unangoja niseme mwenyewe. Sikusema, ukanistahi mbele za watu, na leo umempa mwanao jina langu. Mjukuu wangu, mtoto yule hawezi kubeba jina langu pamoja na uongo wangu.

Jana nilikwenda kwa Boadi nikamweleza yote. Alichukua fimbo yake, akaingia ndani, akafunga mlango. Ana haki. Wazee wa soko nao wakitaka kuniondoa kwenye kiti cha soko, na waniondoe. Nitauza nimekaa chini, kama nilivyoanza. Miaka yako sita ndiyo sijui nitaitoa wapi.

Msalimie mkeo. Mbusu huyo wajina wangu mdogo kwenye nyayo. Adoma anakusalimu. Analia, lakini mwandiko wake bado unasomeka, nadhani.

Sasa nisikilize. Njoo Alhamisi ya wiki ijayo, mchana, wazee wa mafundi wakiwa wamekaa wote bandani. Pita lango kubwa, mtoto akiwa mgongoni kwa mama yake. Njoo na spana. Lori liko nyuma ya banda, sijamruhusu mtu aliguse. Uuchomoe ule usukani mbele yao, uurudishe ulale kushoto, ulivyouacha wewe. Kisha mtakaribishwa, mtapewa viti na maji, na utaulizwa kilichokuleta, kama anavyoulizwa kila anayefika. Wewe kunywa maji yako, unyamaze. Nitajibu mimi.

Bibi yako,
Nana Dufie
(dole gumba langu hili hapa)