Hirizi ya Kadzo

Marafa, Jumapili

Leo nilikuwa nimetoka tu kuhubiri kwamba Yesu ni Kuhani Mkuu anayeujua udhaifu wetu, kwa kuwa naye alijaribiwa.

Mama Kadzo akamleta mwanawe mbele nimbariki. Nikaona hirizi shingoni mwa mtoto.

"Ivue kwanza, ndipo umrudishe," nikamwambia, kanisa zima likisikia.

"Mchungaji, alikuwa hapumui," akajibu polepole. Kisha akambeba akatoka, wala sikumwita.

Yesu hakutenda dhambi, na bado anatuombea. Mimi je? Mwanangu alipopata degedege, nilimfunga hirizi kwa mikono yangu hii, na Jumapili iliyofuata nikaja naye kanisani akiwa nayo.

Ila ya mwanangu niliificha chini ya fulana.