Sikushika Karatasi Kichwa Chini

Majengo, Goma
Jumapili, tarehe 9 Septemba 2012

Mpendwa yaya Élodie, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa upendo mwingi kutoka nyumba hii unayoijua, ambayo mlango wake bado unakwama mvua ikinyesha. Habari ya Bangkok? Habari ya kazi ya mizigo, na ule mgongo uliokusumbua? Shemeji Benny hajambo? Bibiche ameshaota meno? Sisi huku tunapumua. Mama ana nguvu, ila goti la kushoto linalalamika kila anapotoka kuchota maji.

Barua yako niliipokea mikononi mwa papa Habarurema, yule mfanyabiashara wa vitambaa. Hii nayo atakuja kuichukua leo jioni, maana kesho alfajiri anaondoka kuja huko kwako kwa njia ya Kampala. Kwenye simu nisingeweza kusema haya. Kuta zetu ni za mbao, na siku hizi majirani wanasikia hata usichosema.

Mama aliuliza kwanza kama bado unaenda misa. Nilimsomea pale uliposema kwamba unaenda, na kwamba kuketi siku ya Alhamisi na mwenye nyumba wako katika hekalu la Wabuda hakujakunyang'anya rozari. Akasema, "Mwambie avae soksi. Sakafu ya pale lazima ina baridi." Kwa hiyo umeruhusiwa.

Sasa nifike kwenye jambo langu. Unajua kwamba tangu Julai naandika majina katika shirika dogo linalogawia chakula watu waliokimbia vita, kwenye kambi iliyo kando ya barabara ya kwenda Rumangabo. Naita jina kwa kipaza sauti, mtu anakuja na jetoni, ile kadi yake yenye namba, anapimiwa unga na maharage. Hiyo ndiyo kazi niliyokuandikia. Nusu yake sikukuandikia.

Mwezi wa nane mkubwa wetu, papa Donat, aliniambia niweke nukta ya penseli kando ya kila jina la Kinyarwanda. Kambini watu walikuwa wanasema wenye majina hayo ni ndugu za waasi waliowafukuza makwao, kwa kuwa lugha ni moja, na yeye aliogopa tusije tukapigwa mawe. Wenye nukta waitwe mwisho. Hakusema wanyimwe. Lakini chakula kilikuwa hakifiki mwisho wa orodha, na hakuna aliyelijua hilo kuliko mimi ninayefunga daftari.

Nikaziweka. Yaya, niliziweka vizuri, ndogo, zote upande mmoja, kama masista walivyotufundisha unadhifu. Zilikuwa sitini na moja.

Mara mbili watu hao walirudi kwenye mahema na mifuko mitupu. Kati yao yuko mama mzee mmoja, Nyiransabimana, aliyetoka upande wa Rutshuru na wajukuu watatu. Waasi hao hao anaoitwa ndugu yao ndio waliomchomea nyumba. Mara ya pili alikunja mfuko wake mara nne, akaubana kwapani, akaniambia, "Asante, karani." Hakuwa ananidhihaki. Ndivyo alivyolelewa, kushukuru mtu aliye kazini. Kuanzia siku hiyo nilikuwa naacha ugali nusu sahani.

Ndipo barua yako ikafika. Uliandika kwamba pale hekaluni wanafundisha kutoyageuzia uso mateso, bali kuyatazama na kuuliza yanakula nini, kwa sababu yana kitu kinachoyalisha. Nilikasirika kidogo, nikawaza kwamba maneno hayo ni rahisi kwa watu wasiosikia mabomu. Lakini nilijaribu. Niliuliza woga wangu unakula nini. Nilidhani unakula risasi. Kumbe sehemu kubwa unakula hamu yangu ya kusifiwa, kwamba Florent ni kijana mzuri, ni Munande kweli, mtu wa kabila letu, hana matatizo na mtu.

Nilijaribu pia ule utaratibu ulioniandikia, wa kuvuta pumzi na kutakia watu heri. Kujitakia mwenyewe usalama kulinishinda kwa aibu. Nikaanza na Mama, ikawa rahisi. Kwa mtu nisiyemjua nilikwama, sikupata sura. Basi nikachukua orodha yangu, nikawa napumua jina kwa jina, hata yenye nukta. Awe salama. Asiwe na woga. Huwezi kufanya hivyo na penseli mkononi, nakuambia.

Siku iliyofuata nilimuuliza mama Nyiransabimana maana ya jina lake. Akashangaa. "Ni mwenye kumuomba Mungu," alisema. Jirani yake wa hema, mzee Ntirenganya, akadakia, "Na langu ni kwamba Mungu haonei mutu. Na lako?" Nikamjibu kwamba kwetu jina linasema tu umezaliwa wa ngapi. Kasereka ni mtoto wa kiume wa tatu. Mzee akacheka hadi akakohoa. "Karani, kumbe wewe jina lako ni namba ya foleni!"

Nilicheka naye, lakini neno hilo lilikwenda nami hadi nyumbani. Nikakumbuka kile kisa ulichoniandikia, cha wale vijana wa ukoo wa kifalme waliotaka kumfuata Buda pamoja na kinyozi wao. Walimwomba ampokee kinyozi kwanza, ili wao wakija nyuma walazimike kumwinamia na kiburi chao kipungue. Walipanga foleni upya, basi. Mimi pia kazi yangu ni foleni.

Lakini sikutaka kuwatoa hawa kwenye njaa kwa kuwatia wengine. Nilizungumza na Uwitonze, dada anayepima unga. Siku zote wa kwanza alikuwa anawajazia kopo mpaka linafanya kilima, kwa sababu wa kwanza ndio wanaopiga kelele. Nikamwomba akate kila kopo kwa kijiti, liwe sawasawa na mdomo wake, kwa kila mtu. Akanitazama sana. "Watatutukana," alisema. Kisha akaenda kutafuta kijiti.

Ijumaa nikashika kipaza sauti. Nikaanza na wenye nukta. "Nyiransabimana!"

Niliita mara tatu. Alikuwa ameketi juu ya bidoni yake ya maji mwisho kabisa wa uwanja, mahali alipojua ndipo pake.

Kijana mmoja akapaza sauti, "Karani! Umeshika karatasi kichwa chini?" Watu wakaangua kicheko. Mwingine akasema, "Leo waasi wanakula mbele!"

Mama mzee akatikisa mkono kutoka kule. "Hapana, mutoto wangu, mimi ni wa mwisho."

Aliyefungua njia ni mama Thérèse, Munande mwenzetu kutoka Kiwanja, mwenye mtoto mgongoni na ulimi unaokata. "Huyu ndiye mwasi? Na mugongo huu? Pita, koko, bibi yetu, pita, unatukawisha!" Watu wakacheka tena, ila kicheko cha namna nyingine, na wakasogea. Alipita katikati yao polepole, mfuko wake ukiwa bado umekunjwa mara nne.

Walimtukana Uwitonze kwa kijiti chake mpaka saa nane. Lakini chakula kilifika jina la mwisho. Na jina la mwisho, yaya, lilikuwa Kasereka mwingine, mzee wa Kibirizi. Alipewa kopo sawa na la kwanza.

Jana papa Donat alinipa ile karatasi ya ofisi, demande d'explication. Natakiwa kujibu kwa maandishi, kesho asubuhi, kwa nini nilibadilisha utaratibu. Hakunifokea. Alifunga mlango akasema, "Mutoto wangu, andika tu kwamba ulishika karatasi kichwa chini. Watu wote walisikia. Ni kosa la mikono, nitaliweka kwenye dosiye, kwenye faili lako, tutasahau."

Nikauliza, "Na ugawaji ujao, papa?"

"Ujao, nukta zinarudi."

Alikuwa anaogopa kuliko mimi. Nyumba yake pia ilichomwa. Nilimtakia heri moyoni pale pale, na hiyo ilikuwa ngumu kuliko nukta zile sitini na moja zote. Lakini kumtakia mtu heri si kumwandikia uongo anaoutaka.

Huku mtaani habari imefika. Kwenye meza ya mikate jana mtu aliniuliza, "Florent, umebadilisha kabila?" Jioni jiwe likaanguka juu ya bati letu. Mama alisema ni parachichi. Hatuna mparachichi, wala jirani hana. Nikifukuzwa, mshahara unaotulisha unakwisha, naye anajua. Asubuhi alipiga pasi shati langu jeupe la kesho.

Nimeshaandika jibu langu. Ni fupi: "Sikushika karatasi kichwa chini. Niliisoma vizuri, na nilianza pale nilipotaka kuanza. Nukta zile niliziweka mimi kwa mkono wangu, na sitaziweka tena." Nimelinakili mara mbili na kutia saini nakala zote mbili.

Nisalimie shemeji Benny sana. Mbusu Bibiche pande zote mbili. Mwenye nyumba wako mpe shukrani za Mama, ambaye anauliza kama hekaluni wanaimba. Mama mdogo Laurence wa Butembo anakusalimu pia. Mungu akulinde safarini na kazini, na amani unayoipata ukiketi pale isiishie pale.

Papa Habarurema amebisha hodi, nafunga. Nakala moja ya jibu naitia humu pamoja na barua. Najijua, yaya. Kesho mlangoni pa papa Donat naweza kuogopa nikatamani kuandika jingine. Lakini hili litakuwa limeshavuka mpaka, nawe utakuwa umelisoma.

Mdogo wako anayekupenda, wa tatu kwenye foleni,

Kasereka Florent